Kabla ya kuvalisha kamyo mipira mikubwa, hesabu meno ya ponti

Kila aliyesafiri kutoka Bukavu mpaka Bunyakiri anaijua njia ile. Ukifika Miti unaacha barabara ya Katana na Kalehe, unashika ile inayoelekea Walikale na Kisangani. Unapanda mpaka ndani ya msitu wa Mbuga ya Kahuzi-Biega, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2000. Halafu unaanza kuteremka, kona baada ya kona, mpaka Bunyakiri na mbele yake Hombo. Mvua ikinyesha, kamyo inazama katika matope mpaka kwenye ekseli. Ndiyo sababu wenye magari wengi wanatoa mipira iliyotoka kiwandani na kuvalisha mipira mikubwa zaidi. Gari linainuka, halikwami upesi, na watu wanalisifu.

Mpira mkubwa una faida, hakuna anayebisha. Lakini faida hiyo ina deni lake, na deni hilo linadaiwa kwenye mteremko. Ndugu mfanyakazi, shika neno hili: anayebadili mipira amebadili pia nguvu ya motere, nguvu ya freni na kipimo cha mwendo, hata kama hakugusa boli moja ndani ya gari.

PONTI INAFANYA KAZI GANI?

Motere inazunguka kwa mbio nyingi. Gurudumu linatakiwa kuzunguka polepole, lakini kwa nguvu. Kazi ya kupunguza mbio na kuongeza nguvu inafanyika mara mbili: kwanza katika sanduku la vitesi, halafu katika ponti, yaani lile tumbo la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani ya ponti kuna gurudumu dogo la meno, pinyoni, ambalo linasukuma gurudumu kubwa la meno. Pinyoni ikiwa na meno 6, na lile kubwa likiwa na meno 41, kardani itazunguka mara 6.83 ili gurudumu la gari lizunguke mara moja tu. Namba hiyo, 41 kugawa kwa 6, ndiyo kipimo cha ponti.

Namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu nyingi na mbio kidogo. Namba ikiwa ndogo, gari lina mbio, lakini linachoka mlimani.

Sasa, mpira unaingiaje katika jambo hili? Chukua ndoo ya mchanga, uishike karibu na kifua. Halafu nyosha mkono mbele. Ndoo ni ileile, lakini bega linalia. Mpira mkubwa umeunyosha mkono wa motere namna hiyo: uzito wa gari ni uleule, ila motere inausukuma kutoka mbali zaidi.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano. Kamyo ilikuwa na mipira ya 9.00-20, ambayo kipenyo chake ni karibu sentimita 102. Mwenyewe anataka kuvalisha 12.00-20, yenye kipenyo cha karibu sentimita 112, pamoja na rimu zake, kwa kuwa mpira mpana hauketi vema juu ya rimu nyembamba. Ponti ni ya 6.83.

Kanuni ni fupi: zidisha kipimo cha ponti ya zamani kwa kipenyo kipya, kisha gawa kwa kipenyo cha zamani. 6.83 mara 112, gawa kwa 102, unapata 7.5. Ponti ya 7.5 ndiyo itakayoirudishia kamyo nguvu zake za kwanza. Fundi akipata pinyoni ya meno 5 na gurudumu la meno 37, yaani 7.4, amekaribia sana.

Kwa kuwa mipira ya viwanda mbalimbali haifanani kabisa, ni vizuri kupima mwenyewe. Piga alama ya chaki chini ya mpira na juu ya ardhi, sukuma gari taratibu mpaka alama irudi chini tena, kisha pima urefu kwa mita. Fanya hivyo kwa mpira wa zamani na kwa mpya. Katika hesabu, urefu huo unashika mahali pa kipenyo, na jibu ni lilelile.

Kama hujui kipimo cha ponti yako, zima motere, toa vitesi, inua magurudumu ya nyuma, kisha zungusha yote mawili pamoja duara moja kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya kardani. Angalia sana hapa: ili magurudumu yazunguke lazima freni ya mkono iachiliwe. Kwa hiyo zuia kwanza magurudumu ya mbele kwa vipande vizito vya mbao, mbele na nyuma, na uweke ekseli juu ya vigingi imara. Usiingie chini ya kamyo iliyoshikwa na kriki peke yake.

YANAYOPOTEA UKIIACHA PONTI YA ZAMANI

1. Nguvu ya kupanda. Inapungua karibu asilimia 9 katika mfano wetu. Dereva atachezesha ambreyaji ili gari liondoke, na ambreyaji itaungua.

2. Nguvu ya motere ya kuzuia gari kwenye mteremko. Nayo inapungua kwa kadiri hiyo. Isitoshe, kwa mwendo uleule motere inazunguka polepole zaidi, kwa hiyo inazuia kidogo zaidi. Vitesi ya tatu uliyoizoea haitakushika tena kama zamani.

3. Ukweli wa kipimo cha mwendo. Kamyo nyingi zinapima mwendo kwenye sanduku la vitesi, si kwenye mpira. Sindano ikionyesha 30, kweli unakwenda 33. Ikionyesha 40, unakwenda 44.

4. Nguvu ya freni. Freni ni ileile, lakini gurudumu ni kubwa zaidi. Ukikanyaga kwa nguvu uliyoizoea, freni inashika pungufu kwa karibu asilimia 9.

5. Kusimama imara. Gari limeinuka sentimita 5, na mzigo umeinuka pamoja nalo. Kwenye kona na kwenye njia iliyolala upande, ni rahisi zaidi kupinduka.

Tazama namba 2, 3 na 4: zote tatu zinamkuta dereva saa moja na mahali pamoja. Anateremka akiwa na motere isiyozuia vema na freni dhaifu, huku sindano ikimwambia kwamba anakwenda polepole.

FRENI INABEBA JOTO GANI?

Kamyo yenye uzito wa tani 10 ikishuka kimo cha mita 1000, inatoa joto linalotosha kuchemsha maji baridi ya lita zaidi ya 280. Ni zaidi ya pipa moja la lita 200. Joto hilo lazima liende mahali. Motere ikizuia vizuri, sehemu kubwa inatoka kwa motere na radiyeta. Motere isipozuia, joto linakwenda kwenye freni. Freni ikipata moto kupita kiasi haishiki tena, hata ukikanyaga kwa miguu miwili.

Mzigo wetu nao unadanganya macho. Jiwe la kasiterite lina uzito karibu mara 7 ya maji ya ujazo uleule. Magunia yanaonekana machache, kamyo inaonekana nusu tupu, kumbe imejaa. Pima mzigo kwa kilo, usipime kwa macho.

KUCHAGUA PONTI

Ukiwa na namba mbili mbele yako, moja juu kidogo na moja chini kidogo ya ile uliyoihesabu, chagua ya juu kwa kazi ya milimani. Lakini usizidishe. Ponti ya namba kubwa mno inaifanya motere ipige kelele na kunywa mazutu mengi kwenye barabara nzuri, na kwenye mteremko inaweza kuzungushwa kupita kiasi mpaka ivunjike.

Pinyoni na gurudumu lake kubwa la meno ni mke na mume: vimesagwa pamoja, havitenganishwi. Usichukue moja kutoka gari hili na jingine kutoka gari lile. Kazi ya kuvipanga ifanywe na fundi anayejua kupima nafasi kati ya meno.

Kama gari linavuta kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, au lina ponti mbili nyuma, ponti zote lazima ziwe na namba moja. Zikitofautiana, zitashindana zenyewe kwa zenyewe mpaka meno yakatike. Na mipira pacha ya nyuma isigusane. Ikigusana inasuguana, inapata moto na kupasuka.

Ponti sahihi inarudisha nguvu ya kupanda, nguvu ya motere ya kuzuia, na ukweli wa sindano. Lakini hairudishi nguvu ya freni, wala haishushi mzigo. Hata ukiwa na ponti mpya, punguza mzigo, punguza mwendo, na freni zikaguliwe mapema kuliko zamani.

KAMA PONTI NYINGINE HAIPATIKANI

Garaji ikikosa ponti inayofaa, njia ya kwanza ni kurudisha mipira ya zamani, hasa kama kamyo inabeba watu. Mwenye gari akikataa, basi dereva ashike haya:

— Chagua vitesi kabla mteremko haujaanza. Iwe ya chini kwa hatua moja kuliko ile uliyozoea kwenye mteremko huo.
— Usitoe vitesi kamwe wala usizime motere ukiteremka ili kuokoa mazutu. Mazutu unayookoa hayatoshi kununua jeneza.
— Andika kwenye karatasi mwendo wa kweli: 20 ni 22, 30 ni 33, 40 ni 44. Ibandike mbele ya macho yako.
— Kanyaga freni kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha iachie ipoe. Usiiegemee njia nzima.
— Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, au pedali ikilegea, simama mahali tambarare, zuia magurudumu, ngoja. Usimwagie maji freni yenye moto, chuma kinaweza kupasuka.

NA NINYI MNAOPANDA JUU YA MZIGO

Akina mama mnaokwenda sokoni, vijana mnaotafuta usafiri kwenda machimboni, jambo hili ni lenu pia. Wa kwanza kurushwa kamyo inapopinduka ni wale walio juu ya magunia. Mnaweza kumuuliza dereva bila matusi: "Baba, mipira hii umevalisha lini? Ponti ilibadilishwa?" Dereva mwenye akili hatakasirika. Mkihisi harufu ya freni, gongeni kabini, mwombeni asimame. Akikataa kusimama, shukeni mahali pa kwanza gari litakapopunguza mwendo na kusimama, hata kama mmelipa. Nauli inatafutwa tena.

Fundi, usifunge mpira mkubwa kabla ya kufanya hesabu. Mwenye gari, usimlaumu fundi anayekuchelewesha siku mbili kwa ajili ya hesabu hiyo. Matope ya Bunyakiri yanakuchelewesha kufika. Mteremko wa Bunyakiri unaweza kukuzuia usifike kabisa.