ULIMSHUKURU ALIYEKUPIGIA KELELE?

Ndugu mfanyakazi, jiulize leo: siku ile mwenzako alipokupigia kelele chini ya ardhi, ulimjibu nini?

Jambo lenyewe unalijua. Mmefika mahali palipopigwa baruti. Moshi umekwisha kutoka, mawe yamemwagiwa maji ili vumbi lisiruke. Wewe unataka kuanza kazi upesi. Mwenzako anashika mtarimbo, anagonga mwamba wa juu. Mwamba mzima hulia kwa sauti kali, kama chuma. Safari hii sauti ni nzito, kama ya ngoma: jiwe limeachana na mwamba. Anapiga kelele: «Rudi nyuma!» Mnaliangusha pamoja, ninyi mkisimama mahali palipo pazima. Linaanguka pale pale ulipokuwa umesimama.

Wengi wetu, tukiisha kuogopa, tunakasirika. Tunasema: «Unanifokea kama mtoto?» Hapo hatari ya pili inazaliwa. Mwenzako analiweka neno lile moyoni. Kesho akiona kinyago chako cha vumbi kinaning'inia shingoni, atatazama pembeni. Atajisemea: «Huyu hapendi kuambiwa.»

Mtu aliyeshukuriwa atakuonya tena. Katika miji yetu ya Katanga hakuna anayekosa neno la kusema: aksanti, wafwako, natotela, twasakidila. Chagua moja. Lakini taja na sababu: «Aksanti, baba, ulisikia jiwe lile mbele yangu.» Asante isiyo na sababu ni kama salamu ya njiani, inapita.

Na nyumbani je? Mama wa nyumba yako ameamka saa kumi ya usiku kuwasha mbabula, ili usiende kazini na tumbo tupu. Umemshukuru, au umeona tu kwamba chai imepoa? Nawe mama, mume wako akirudi kutoka kazi ya usiku, mpokee kwa neno jema kabla ya kumwambia habari za madeni. Mtoto anayekwenda kucheza mbali ili baba alale mchana, naye anastahili asante yake. Tunasema haya katika ukurasa wa usalama kwa sababu mtu anayetoka nyumbani kwa ugomvi anashuka nao mpaka chini. Jiwe linalia, na masikio yake yamebaki nyumbani.

Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walitangaza matokeo ya majaribio yao. Katika jaribio moja waliomba kundi la watu waandike kila juma, kwa majuma 10, mambo mpaka matano ya kushukuru. Kundi jingine liliandika yaliyowasumbua. Wale wa kwanza waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi, na walilalamika kidogo zaidi juu ya maumivu ya mwili. Walikuwa wanafunzi, si watu wa mgodi. Hata hivyo, jaribu. Kama huna daftari, mkiketi kula bukari, kila mmoja ataje jambo moja jema la siku ile. Siku ya kwanza watoto watacheka. Siku ya tatu watagombania nani aanze.

Lakini usituelewe vibaya. Kushukuru si kunyamaza. Ngazi iliyovunjika haiponi kwa aksanti, wala mshahara uliochelewa haununui unga. Mambo hayo yasemwe, tena kwa sauti.

Na wewe sefu wa kundi, siku mfanyakazi atakapokuletea habari ya ngazi ile, usianze kwa kuuliza nani ameivunja. Mwambie aksanti mbele ya wenzake wote, kisha funga njia ile mpaka ngazi itengenezwe.