Mchujo wa Wanafunzi na Usalama wa Nchi

Katika mji wa Rumonge, na katika vijiji vinavyofuatana kando ya Ziwa Tanganyika hadi Nyanza-Lac, mtihani unaongojwa kwa hofu kubwa ni ule wa mwisho wa darasa la tisa. Matokeo yake ndiyo yanayoamua ni mtoto yupi atakayeendelea na masomo ya juu, yupi atakayeelekezwa kwenye ufundi, na yupi atakayerudi kwenye mitumbwi ya wavuvi au mashamba ya michikichi. Kwa hiyo, swali la kama shule ziwatenge wanafunzi kwa kadiri ya uwezo wao si la walimu peke yao. Linawahusu wazazi wote, na linawahusu hasa askari wa Jeshi na wa Polisi, ambao watoto wao hubadilisha shule kila mzazi anapopangiwa kituo kipya, na ambao wao wenyewe waliingia kazini kwa kupita katika mchujo.

Yafaa kwanza kueleza maana ya kutenga wanafunzi, maana jambo hili lina sura tatu. Sura ya kwanza ni kuwagawa watoto wa shule moja, wepesi wakae darasa lao na wazito wakae lao. Ya pili ni kuwachagua wenye alama za juu kutoka kila pembe ya nchi na kuwapeleka katika shule maalum. Ya tatu ni kuwagawa vijana kwa njia: hawa wajiandae kwa Chuo Kikuu, wale wajifunze kazi za mikono.

Wanaounga mkono utaratibu huo wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005, madarasa ya Burundi yamejaa watoto. Hilo ni jambo la kujivunia, lakini mwalimu mmoja mbele ya umati wa wanafunzi hawezi kumwendesha mwepesi na kumsubiri mzito kwa wakati mmoja. Nchi nayo inahitaji madaktari, wahandisi na maofisa hodari. Ndiyo sababu Tanzania ina shule za vipaji maalum kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Tabora, na ndiyo sababu Burundi nayo katika miaka ya karibuni imeanzisha shule za umahiri zenye mabweni. Jeshi lenyewe halimfundishi kuruta na ofisa mwanafunzi somo moja katika chumba kimoja.

Hata hivyo, hoja hizo zote zimejengwa juu ya sharti moja, kwamba kipimo kinachotumika kinapima uwezo kweli. Hapo ndipo mwambao wa Rumonge unapokuwa na la kufundisha.

Warundi wengi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliishi kwa zaidi ya miaka 30 katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania. Tangu mwaka 2008, watu zaidi ya 50,000 wa kundi hilo walirudi nyumbani, na wengi wao walifikia Rumonge na Nyanza-Lac. Watoto wao walikuwa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Walipofika Burundi, walikuta kwamba masomo ya madarasa ya juu yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kifaransa. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu kwa Kiswahili aliweza kushindwa hata kuelewa swali lile lile lilipoandikwa kwa Kifaransa. Angetengwa siku hiyo, angeandikwa kuwa mzito, hali akili yake ilikuwa ile ile aliyovuka nayo mpaka.

Kila askari aliyewahi kusimama kwenye uwanja wa shabaha analielewa jambo hili. Kuruta aliyepewa bunduki yenye shabaha iliyopinda hatapiga penye alama, na mkufunzi mwenye busara huikagua bunduki kabla ya kumlaumu kuruta. Lugha isiyoeleweka, kitabu kimoja kinachogombewa na watoto wengi, nyumba isiyo na taa, na kazi ya mikungu ya michikichi kabla na baada ya masomo, vyote hivyo hupindisha shabaha. Mtihani unaompima mtoto katika hali hiyo hupima pia nyumba anayotoka.

Nchi nyingine zimeliona hilo. Ujerumani imezoea kuwagawa watoto wakiwa na umri wa miaka 10 hivi. Finland ilikuwa na desturi kama hiyo, ikaiacha kati ya mwaka 1972 na 1977, na kuwaweka watoto wote katika shule ya namna moja kwa miaka tisa. Uchunguzi wa kimataifa wa shirika la OECD umeonyesha kwamba, kwa kawaida, kadiri watoto wanavyotengwa mapema ndivyo hali ya wazazi inavyozidi kuamua alama za mtoto. Burundi nayo, kwa sheria ya mwaka 2013 iliyounda shule ya msingi ya miaka tisa, ilisogeza mchujo mkubwa kutoka darasa la sita hadi la tisa. Miaka hiyo mitatu ni nafasi ya mtoto kujifunza lugha na kuonyesha alicho nacho.

Lakini Burundi ina sababu nyingine ya kuwa mwangalifu, nayo ni nzito kuliko hesabu za wataalamu. Mwaka 1972, baada ya machafuko yaliyoanza katika mwambao huu mwezi Aprili, waliouawa kote nchini walikuwa pamoja na walimu na wanafunzi wengi. Kwa miaka mingi iliyofuata, wazazi wengi waliogopa kupeleka watoto shuleni, na wengine waliamini kwamba mlango wa sekondari haukufunguliwa kwa alama peke yake. Ndiyo maana Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, haukuishia kwenye mambo ya serikali na majeshi. Ulidai pia mitihani iendeshwe kwa uwazi na haki, na shule zigawanywe kwa usawa katika mikoa. Wajumbe waliokuwa wakitafuta amani waliona kwamba karatasi ya mtihani nayo ni jambo la usalama.

Kwa hiyo basi, mchujo si dhambi, bali una masharti yake. Uje kwa kuchelewa, mtoto akiwa amepewa muda wa kutosha. Kipimo chake kijulikane na wote, na matokeo yabandikwe hadharani. Shule za umahiri zisiachiwe walimu bora na vitabu vyote, shule za vijijini zikabaki na makombo. Na anayepelekwa kwenye ufundi apewe daraja la kurudia masomo ya juu akionyesha kwamba anayaweza. Ufundi nao usigeuzwe jalala la walioshindwa. Mwambao unahitaji waunda mitumbwi, mafundi wa injini, na wajuzi wa kukausha dagaa na kukamua mawese. Vivyo hivyo kambini: hakuna kikosi kinachoendeshwa na maofisa peke yao, bila dereva, fundi wa redio na muuguzi.

Mtoto aliyeshindwa kwa haki anajua alipopungukiwa na anajua lini atajaribu tena. Lakini mtoto aliyefungiwa mlango bila kuelezwa sababu hukua na kinyongo, na wenye nia mbaya humtafuta kijana wa namna hiyo. Mwisho wake ni askari kuamshwa usiku kwenda kuzima moto uliowashwa darasani miaka mingi kabla. Mwalimu anayesahihisha mtihani kwa uaminifu huko Rumonge na mlinzi anayekesha ziwani wanalinda nchi ile ile.