Isiolo Nako Kuna Maji ya Kuchungulia

Kila Desemba magari huteremka kwa misururu kutoka bara kwenda Watamu na Malindi. Huko ndiko zilikotengwa hifadhi za kwanza za baharini nchini Kenya, mwaka 1968, na hata asiyejua kuogelea vizuri anaweza kuvaa miwani ya maji, akauma mrija wa kupumulia na kuelea juu ya matumbawe ambayo karibu ayaguse kwa mkono. Safari hiyo ina thamani yake. Kinachonisikitisha ni mkazi wa Isiolo anayesafiri usiku kucha kutafuta maji maangavu huku hajawahi kuinamisha uso katika maji ya Buffalo Springs, yaliyo chini ya kilomita 40 kutoka mjini.

Hifadhi ya Buffalo Springs ina ukubwa wa kilomita za mraba 131, na mto Ewaso Nyiro unaitenganisha na hifadhi ya Samburu. Wageni wengi huingia kwa ajili ya punda milia wa Grevy, choroa na swala twiga. Humo ndani, hata hivyo, mna chemchemi zenye maji safi kiasi kwamba changarawe za chini huhesabika moja moja. Moja ya chemchemi hizo imejengewa ukuta wa mawe ikawa bwawa la kuogelea. Wengi husimulia kwamba shimo lake lilichimbwa na bomu la ndege za Waitalia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Bomu au si bomu, maji yenyewe yalikuwa yakitiririka chini kwa chini tangu kale.

Asili yake ni mvua inayonyesha vilimani, upande wa Nyambene na Mlima Kenya. Milima ya Nyambene ni ya volkano, na lava yake ilimwagika hadi tambarare za Isiolo. Mwamba wa lava umejaa nyufa na vitundu. Mvua ikinyesha juu huko hunywea ndani, ikasafiri gizani taratibu, na pale lava inapokoma au inapokutana na mwamba mgumu usiopitisha maji, hutokeza nje. Njiani tope lote limechujwa. Ndiyo maana Ewaso Nyiro ukifurika huwa na rangi ya chai ya maziwa, na chemchemi iliyo karibu nao ikabaki angavu kama kawaida.

Mvuvi wa Watamu anayempeleka mgeni kutazama samaki huanza kwa kuuliza habari za bahari: ni bamvua au maji mafu, kusi imekwisha au bado. Kwenye chemchemi hakuna kupwa wala kujaa. Cha kuuliza ni kimoja: niko umbali gani kutoka jicho la chemchemi? Umbali huo ndio unaoamua usafi wa maji, wingi wa viumbe na hata hatari.

Tuanze kwenye jicho lenyewe. Hapa maji ndiyo kwanza yanatoka gizani. Mwani hauwezi kuishi bila mwanga, kwa hiyo maji hayana ule ukungu wa kijani unaoziba macho katika mabwawa ya kawaida, na joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Mahali ambapo maji yanasukuma kutoka chini kupitia mchanga, chembe huruka na kutua, zikaruka tena, utadhani mchanga unachemka. Ukitazama kwa miwani utaona kila chembe ina njia yake: nyepesi zinapaa juu, nzito zinazunguka pembeni na kurudi. Ila samaki usiwategemee hapo. Maji yaliyokaa sana ardhini aghalabu huwa na oksijeni kidogo, na chakula pia ni haba.

Shuka kidogo na mkondo. Maji yameshapigwa na jua na upepo, yamepata oksijeni, na mawe yameanza kuvaa utando wa mwani. Hapo ndipo pa kutafuta perege. Katika maji ya Ewaso Nyiro mna perege wa asili wa Kenya, Oreochromis spilurus, ambaye pia anapatikana katika mito ya Tana na Athi. Huyu ni samaki wa ajabu. Ni mstahimilivu wa chumvi kiasi kwamba amefugwa hata katika vizimba vya baharini huko Kuwait. Dume huchimba kisahani mchangani kwa mdomo, akakilinda na kumfukuza kila dume mwenzake anayesogea. Jike akishataga huyakusanya mayai mdomoni, na humo humo huanguliwa. Kwa muda huo wote hali kitu cha maana. Vifaranga wakianza kutoka huogelea karibu na kichwa chake, na kivuli kikipita juu ya maji hukimbilia tena mdomoni mwa mama. Kwa hiyo usipige maji wala usinyooshe mkono: tulia uelee, na baada ya dakika chache samaki watakusahau.

Usidhani kina kirefu kingekuonyesha mengi zaidi. Maji hufyonza rangi nyekundu kwanza, halafu za machungwa na njano, na ndiyo maana wapiga mbizi wa kina kirefu huona karibu kila kitu ni buluu. Kwenye mita moja au mbili rangi zote bado zipo. Isitoshe, ukivaa miwani, mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani, na samaki huonekana mkubwa zaidi kwa takriban theluthi moja na karibu zaidi kuliko alivyo. Aliyezoea bahari ajue pia kwamba maji baridi hayambebi mtu kama maji ya chumvi. Ataona miguu inazama upesi, naye asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea.

Ukizidi kushuka, mkondo unapunguza kasi, majani yanaota kingoni, na konokono wanapata makao. Baadhi ya jamii za konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, saa zile zile ambazo mwanga ni mzuri wa kutazamia. Kwa hiyo mchana kaa karibu na jicho, kwenye maji yanayokwenda kasi, na uache kingo zenye majani. Hatari kubwa zaidi ni mamba, ambao Ewaso Nyiro unao wengi. Ingia kwenye bwawa lenye ukuta tu, baada ya kumuuliza askari wa hifadhi hali ya siku hiyo. Chemchemi nyingine, pamoja na zile za hifadhi jirani ya Shaba, zitazame kutoka mahali ambapo askari ameruhusu ushuke garini, ukiwa na miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji. Samaki wanaonekana vizuri sana kwa njia hiyo.

Sabuni na mafuta ya kujipaka acha garini, kwa sababu maji haya hayaishii bwawani. Kiangazi kikikaza na Ewaso Nyiro kukauka sehemu za juu, kama ilivyotokea zaidi ya mara moja, chemchemi hizi huendelea kuulisha mto, na hapo chini wapo wanyamapori, ngamia, mbuzi na watu wanaochota. Nami ningependa kuona kipimo cha maji kwenye kila jicho la chemchemi Isiolo, kisomwe kila wiki na matokeo yabandikwe langoni kila mtu ayaone. Visima vinavyochimbwa na misitu inayokatwa juu vilimani haviathiri chemchemi siku hiyo hiyo. Maji yanayopita ndani ya mwamba huchukua muda mrefu kufika, na upungufu tutakaouona kesho huenda tayari umeshaanza safari.