Goma: Baiskeli ya mlemavu ndiyo mtaji wake

Kwenye mpaka mdogo unaotenganisha Goma na Gisenyi, baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, haimsaidii mlemavu kutembea tu. Ndiyo mtaji wake. Hupakiwa magunia hadi mwenyewe asionekane vizuri, na vijana wa kuisukuma hulipwa kutokana na safari hiyo. Kwa desturi, maofisa wa forodha huwalegezea walemavu ushuru, ndiyo maana wafanyabiashara wengine huwapa mizigo yao waivushe.

Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni upendeleo. Wenye baiskeli huuita kazi, na si kazi nyepesi: sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji.

Mwezi Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, kipato hicho kilikatika. Kongo ilipitisha sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu mwezi Mei 2022. Lakini unafuu wa mpakani, ambao ni desturi tu, bado hutegemea geti kuwa wazi.