Kina Kwanza, Rangi Baadaye

Anayepanda Mlima Kenya kwenda kuvua trauti katika maziwa kama Rutundu au Alice mara nyingi hubeba kisanduku kilichosheheni nzi bandia wa kila rangi. Akifika ukingoni huanza kujiuliza afunge yupi. Kuna maswali mawili ya kutangulia hilo: saa hii samaki yuko kina gani, na anakula nini?

Trauti ni mgeni Kenya. Wa kwanza waliletwa na mlowezi Ewart Grogan kutoka Scotland mwaka 1905, wakatiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Maziwa ya Rutundu na Alice, hata hivyo, yana trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika Kaskazini. Mtoni, trauti hujibanza nyuma ya jiwe akingoja mkondo umletee riziki. Ziwani hakuna mkondo wa kumletea, hivyo hulazimika kuzunguka akitafuta. Chambo kinachofaa ni kile kinachodumu kwenye kina anachopita.

Katika maji hayo baridi, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, chakula cha kutegemewa ni visubi, wadudu wanaofanana na mbu ila hawaumi. Lava wao huishi ndani ya tope. Wengine ni wekundu kwa sababu wana hemoglobini, inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Wakishakuwa pupa hupanda taratibu hadi juu ili waruke, na njiani ndipo trauti anapowadaka. Kuiga pupa, tumia ndoano namba 14 au 16 (namba ikipanda, ndoano hupungua ukubwa), mwili mwembamba mweusi, waya wa fedha uliozungushwa juu yake, na kishungi cheupe kichwani. Mwache azame. Vuta mshipi kiasi cha upana wa kiganja, tulia, vuta tena. Pupa hana mbio. Ukimkimbiza, samaki atamwacha apite.

Ulaya wavuvi hubadilisha chambo kwa kufuata majira ya mwaka. Huku karibu na ikweta, usiku ni baridi kali na mchana jua huchoma, kwa hiyo kalenda ya mvuvi ni saa. Alfajiri, samaki husogea kwenye nyasi za ukingoni. Hapo mpe lava wa kereng'ende, namba 8 au 10, wa kahawia au kijani kibichi kilichofifia. Lava huyu husonga kwa kufyatua maji kutoka mkiani, basi mvute kwa mikupuo mifupi. Jua likipanda, fuata samaki kilindini kwa mshipi unaozama. Upepo ukianza kuvuma huangusha mbawakawa na sisimizi majini na kuwasukuma upande mmoja. Nenda ukingo unaopigwa na mawimbi, ufunge nzi anayeelea. Jioni maji yakitulia, rudi kwenye pupa.

Na rangi? Nyekundu ndiyo inayomezwa mapema na maji. Kwenye kina kirefu huonekana kama giza tu. Nyeusi hufaa mwanga ukiwa hafifu, kwa kuwa samaki anayetazama juu huona umbo lake dhidi ya anga. Ndiyo maana nzi mweusi hashindwi kirahisi.

Vijiko vya chuma navyo hufanya kazi, lakini baadhi ya maji huruhusu nzi bandia pekee, kwa hiyo uliza kwanza. Vya gramu 3 hadi 7 vinatosha: vya fedha kwa jua na maji maangavu, vya shaba kwa mawingu au maji yenye rangi ya chai. Rusha, uhesabu sekunde hadi kijiko kiguse chini. Kikigusa kwenye 12, mara inayofuata anza kuvuta kwenye 10; kitapita juu kidogo ya magugu, mahali trauti anapowinda. Asipokuja, punguza hesabu kwa mbilimbili mpaka umpate.

Ukienda dukani, nunua pupa weusi wachache, lava wa kereng'ende, mbawakawa anayeelea na, panaporuhusiwa, kijiko cha shaba. Minya kijino cha ndoano kwa koleo ili samaki mdogo arudishwe bila kuchanika. Kata leseni kabla ya kupanda mlima, na fedha iliyobaki weka kwenye mshipi unaozama. Utakufaa kuliko rangi ishirini za nzi.