Fahamu: Kwa nini mwenye kidonda hana budi kuwa tabibu wa pili

Katika milima ya Ugweno, wilayani Mwanga, ambako njia hupanda na kushuka baina ya migomba na mibuni, na ambako hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko mbali huko Moshi, kidonda cha mguu aghalabu huoshwa na kufungwa nyumbani, kwa mikono ya mgonjwa mwenyewe ama ya jamaa zake.

Hatari kubwa humkabili mwenye kisukari, kwa kuwa maradhi hayo hufisha hisia za neva na kudhoofisha mzunguko wa damu, hata akakanyaga mwiba asiusikie, na kidonda kikaoza kabla ya maumivu kumtanabahisha. Ndiyo maana mradi wa Hatua kwa Hatua, uliomshirikisha Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam katika miaka ya 2000, uliwafunza matabibu na wauguzi kuitunza miguu na kuwaelimisha wagonjwa.

Mgonjwa afanyeje basi? Azitazame nyayo zake kila siku kwa kioo; anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda; asitembee pekupeku, wala asipake majivu; na akiona usaha, harufu mbaya, wekundu unaotambaa ama homa, aende zahanati pasipo kukawia.

Muuguzi naye ni wajibu wake kueleza, kuonyesha na kusikiliza.

Ewe msomaji mwenye kisukari, ama mwenye mzazi aliye nacho, usilale leo kabla ya kuzitazama nyayo hizo.