Akwariamu ya nyumbani Lubumbashi: kabla ya kununua mashine ya kupoza maji, pima joto kwanza

LUBUMBASHI. Katika nyumba moja ya mtaa wa Makomeno, akwariamu ya lita 200 imewekwa sebuleni, upande ambao jua la jioni huingia. Ndani yake mna samaki wadogo wa rangi kutoka ziwa Tanganyika. Oktoba iliyopita, saa tisa za mchana, kipimajoto kilionyesha nyuzi 31. Samaki walikuwa wamepanda juu, midomo kwenye uso wa maji, wakihema haraka haraka. Baba mwenye nyumba aliona hakuna njia nyingine: akanunua mashine ya kupoza maji.

Siku chache baada ya kuiwasha, mtoto wake alitia mkono ndani ya maji ili kuokota jani, akautoa kwa kelele. Alisema maji yanamchoma. Kilichomchoma ni kuranti. Waya wa pompa ya kupeleka maji kwenye mashine ulikuwa umechubuka, na prizi iliyotumiwa haikuwa na waya wa ardhi. Mtoto hakuumia, lakini angeweza kufa.

Kisa hicho kinaleta maswali mawili kwa kila anayefuga samaki nyumbani. Je, mashine hiyo inahitajika kweli? Na ikiwa inahitajika, itumiwe namna gani bila kuhatarisha watu wa nyumba?

Joto linawaumiza samaki namna gani

Maji yanapopata joto, hewa ya oksijeni iliyomo hupungua. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hubeba karibu miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hubeba karibu 7.6. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na hewa nyepesi ya huku inapunguza kiasi hicho tena kwa zaidi ya kumi kwa mia. Wakati huohuo, mwili wa samaki katika joto unafanya kazi haraka na unadai oksijeni zaidi.

Samaki wa Tanganyika wana shida ya ziada. Ziwa lao lina kina cha mita 1,470, na maji yake ya juu hubaki karibu nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima. Hawakuzoea kupanda na kushuka kwa haraka. Samaki wekundu wa Kichina, wale wanaopendwa na watoto, wanapenda maji ya baridi kuliko hayo. Lakini guppy huvumilia nyuzi 28 bila taabu. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, jua kwanza unafuga samaki gani.

Kisha pima. Andika joto la maji asubuhi, saa tisa mchana na usiku, kwa muda wa wiki moja. Kama maji hupita nyuzi 29 kwa saa mbili tu halafu hushuka yenyewe, huenda huhitaji mashine. Tukumbuke pia kwamba joto kali la Lubumbashi ni la Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashika. Mwezi wa Juni na Julai, usiku hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10, na hapo samaki wanahitaji kifaa cha kupasha maji joto.

Feni kwanza

Njia ya bei ndogo ni feni inayopuliza juu ya maji huku kifuniko kikiwa wazi. Maji yanayogeuka mvuke huondoka na joto: lita moja ikikauka, inatoa joto la kutosha kushusha lita 200 kwa karibu nyuzi tatu. Hewa ya Septemba ni kavu, ndiyo maana feni inafanya kazi vizuri wakati huo. Mvua zikianza na hewa ikajaa unyevu, nguvu yake hupungua.

Ongeza pompa ya hewa, zima taa wakati wa mchana wa joto, funga pazia, na uondoe akwariamu mahali jua linapoipiga. Kila siku rudishia maji yaliyokauka, yawe yameondolewa klorini. Usimwage barafu ndani. Ikibidi, tia chupa iliyofungwa yenye maji yaliyoganda, moja moja, ili joto lisishuke ghafla.

Kama bado mashine inahitajika

Ziko aina mbili. Ya kwanza haina kompresa. Ni ndogo, inafaa akwariamu ndogo tu, na hushusha nyuzi chache. Ya pili ina kompresa kama frigo. Kwa lita 200 na zaidi, hiyo ndiyo ya kufikiria.

Usiangalie lita zilizoandikwa kwenye katoni peke yake. Uliza: inashusha nyuzi ngapi, katika chumba chenye joto gani? Mashine inayotosha lita 200 katika chumba cha nyuzi 25 inaweza kushindwa katika sebule ya nyuzi 33. Hesabu pia taa na pompa, kwa sababu navyo hupasha maji. Angalia kiasi cha maji ambacho mashine inataka kipite kwa saa, na ununue pompa inayolingana nacho.

Usiiweke ndani ya kabati lililofungwa. Joto inalotoa kwenye maji inalitupa chumbani. Likikosa njia ya kutoka, mashine inapigana na joto lake yenyewe. Acha nafasi nyuma na pembeni, na usafishe vumbi kila mwezi, hasa kiangazi. Kama ililazwa wakati wa kusafirishwa, iache imesimama saa kadhaa kabla ya kuiwasha, ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Gesi ikipungua, muite fundi wa frigo. Usitoboe wala kuchomelea, kwani gesi za aina nyingine huwaka moto.

Usiipange kwenye nyuzi 22 kwa kudhani baridi zaidi ni bora. Kwa samaki wa Tanganyika, nyuzi 26 au 27 zinatosha. Mashine ya wati 200 ikifanya kazi saa nane kwa siku hula kilowati-saa 1.6, yaani karibu 48 kwa mwezi.

Kuranti haina mchezo

Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa kuliko kawaida, kwa muda mfupi. Jenereta au inveta ndogo inaweza kuzimika hapo. Umeme ukiwa dhaifu, kompresa hupata moto na kuungua. Stabilizateri yenye nguvu ya kutosha inasaidia. Umeme ukikatika na kurudi, ngoja dakika tano kabla ya kuwasha tena. Mashine nyingine zinangoja zenyewe. Soma karatasi yake.

Wakati umeme umekatika, pompa ndogo ya hewa inayotumia betri ni muhimu kuliko mashine ya baridi, maana samaki hukosa pumzi kwanza. Jenereta ibaki nje ya nyumba. Moshi wake huua watu wakiwa usingizini.

Kwa usalama wa watu, mambo manne hayaachwi: prizi yenye waya wa ardhi wa kweli, disjonkteri diferansieli ya miliampea 30, inayokata umeme mara unapovuja, prizi na multiprizi zifungwe ukutani, zisiwe sakafuni chini ya maji, na kila waya ushuke chini kuliko prizi kabla ya kupanda kuiingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi ndani. Kabla ya kutia mkono, chomoa kila kitu, hata pompa ya hewa.

Katika nyumba ile ya Makomeno, fundi wa umeme alikuja, akabadilisha pompa, akachimbia waya wa ardhi na kufunga disjonkteri. Akwariamu ikahamishwa mbali na dirisha. Baada ya hapo maji hayakupita nyuzi 28 kwa feni peke yake, na mashine iliwashwa mchana chache tu kabla ya mvua. Baba wa nyumba anakiri kwamba kama angeanza na kipimajoto na fundi, pengine hata hiyo mashine asingeinunua.